Kisanduku cha Gitaa Kinachotubisha Watu wa Kapseret

Mzee Gerishon K. Kipyego,
Kapseret, nyuma ya kituo cha zamani cha maziwa,
Eldoret.

Jumatano, 11 Juni 2025

Kwa Askofu Nicanor,
Ofisi ya Kanda,
Eldoret.

Baba Askofu mpendwa,

MINT: KISANDUKU CHENYE VALVU YA KIOO KILICHOUNGANISHWA NA GITAA LA KANISA, NA MADHARA YAKE KWA UTULIVU WA WAZEE

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini gari lako limeshatoka kwa fundi. Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha kwa adabu, mahindi yamefika magotini, na ndege za hapo uwanjani bado zinapita juu ya paa la kanisa kila Mchungaji anapofikia neno la maana.

Mimi si mtu wa kulalamika. Anayetaka ushahidi aangalie faili: kwa miaka kumi na tisa niliyokuwa mzee wa kanisa nimeandika barua za malalamiko kumi na nne tu, na tano kati ya hizo zilihusu choo. Lakini haya ya safari hii yamezidi kimo. Ombi langu ni fupi. Naomba kisanduku hicho kichukuliwe na kufungiwa stoo kabla ya Jumapili ya tarehe 22, siku ya Ushuhuda, ambapo wazee wote tutaketi mbele, hatua mbili kutoka kwa amplifaya, nawe ukiwa mgeni wetu. Kikiwa bado kinawaka siku hiyo, siwezi kuahidi kwamba nitabaki nimekaa. Na mzee wa kanisa akisimama siku ya Ushuhuda, Baba Askofu, lazima aseme kitu.

Nieleze kwanza ni kitu gani, maana najua huko ofisini mna kinanda peke yake.

Mpiga gitaa wetu ni Ndugu Wesonga, fundi wa kuchomelea mageti pale Cheptiret, mzaliwa wa Bungoma, mtu mpole asiyekosa mazoezi. Gitaa lake ni la umeme na limezeeka. Katika kanisa letu soketi isiyopiga watu shoti ni moja tu, iliyo upande wa mimbari, kwa hivyo amplifaya inakaa huko, naye Wesonga anasimama na kwaya upande wa pili, waya ukipita chini ya mkeka kama mita kumi na mbili. Kwa miaka yote sauti ya gitaa hilo ilitufikia ikiwa imechoka, nyembamba, inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Tuliizoea. Mtu aliweza kuketi chini ya sauti ile akafikiria bei ya mbolea kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka, na moyo wake usiguswe popote.

Mwezi wa tatu Wesonga akaja na kisanduku cha chuma kinachotumia betri, ukubwa wa mkebe wa nusu kilo wa mafuta ya kupikia. Juu yake imesimama valvu ya kioo, kama zile za redio za zamani ambazo ulikuwa unaiwasha redio, unaenda kukamua, ukirudi ndipo inaanza kusema. Gitaa linaingilia upande mmoja, sauti inatokea upande wa pili, na hapo katikati kioo kinawaka rangi ya chungwa. Nilimwita nikamuuliza anaongeza nini humo ndani. Akanijibu, "Mzee, haiongezi kitu. Waya ni mrefu, so sauti ikitoka kwa gitaa inapotelea njiani. Hii inaishikilia tu, ifike vile ilikuwa. Halafu hii tube inaipatia ka-joto kidogo, ikuwe smooth."

Baba Askofu, nilikuwa karani wa kupokea maziwa kwa miaka ishirini na sita. Mtu akifika na mtungi wake, hujamuuliza neno, akakwambia hajaongeza kitu, hapo ndipo unapotoa kipimo. Mimi sidanganyiki. Maziwa yenye maji nayajua kabla ya kuonja, na gitaa lenye valvu nalijua kabla wimbo haujafika kiitikio. Ile sauti ni nzito, imejaa, inateremka kifuani bila kupiga hodi. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kufikiria mbolea chini yake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kimetuharibia saa. Kwa maelezo ya Wesonga, valvu hiyo haitoi utamu wake mpaka ipate moto, kwa hivyo yeye hufika nusu saa mapema na kuiwasha. Kwaya, isije ikaachwa nyuma, nayo ikaanza kufika mapema. Watu walio barabarani wakisikia gitaa hudhani wamechelewa, wanakaza mwendo. Matokeo yake ni kwamba tangu Aprili ibada ya saa nne inaanza saa nne. Sijui kama habari hizi zimefika Kanda. Sisi wazee, ambao kwa desturi tuliingia saa nne na nusu watu wakisimama kutupisha, sasa tunaingia wimbo wa tatu na kuketi palipobaki. Jumapili moja niliketi na watoto wa Sunday school, na mmoja wao akaniuliza kama nimejua mstari wa kukariri. Sikuwa nimeujua.

2. Kimemharibia Mchungaji mahubiri. Mchungaji Amos ni mtu wa pointi tano, na hakuna aliyewahi kumlalamikia, ukiondoa barua yangu ya 2021. Utaratibu ni kwamba akimaliza ya tano Wesonga anapiga polepole, ndipo mwito wa toba unatolewa. Siku hizi Wesonga akigusa uzi mmoja tu kuhakikisha gitaa limekaa sawa, watu wanainuka kwenda mbele, na Mchungaji yuko pointi ya pili. Tumekuwa na somo la uvumilivu tangu Pasaka, na pointi ya tano hatujaisikia mpaka leo. Mzee Ng'ang'a wa duka la pembejeo ameokoka mara tatu. Mara ya tatu alipoulizwa anaokoka kutoka kwa nini alisema, "Sijui, lakini wacha tu niokoke." Linah, katibu wetu, ameniambia kwamba daftari la waliookoka sasa lina majina mengi kuliko daftari la washiriki.

3. Vitu vinarudishwa. Unaijua desturi yetu: anayetubu hamalizi kwa mdomo, anarudisha alichochukua. Ni desturi njema, na zamani haikumsumbua mtu, kwa sababu waliotubu walikuwa wachache na walikuwa wamechukua vitu vidogo. Sasa imekuwa kama soko. Mama Jerop amerudisha sufuria namba arobaini iliyopotea kwenye harusi ya 2011, pamoja na kifuniko ambacho hakikuwa chake wala cha kanisa, na mpaka leo kinatafutiwa mwenyewe. Mzee Ng'ang'a amerudishiwa wilbaro isiyo na gurudumu. Aliyeirudisha anasema gurudumu lilichukuliwa na mtu mwingine, na huyo bado hajaokoka.

Mimi mwenyewe nimedhurika. Mwaka 2009 jembe langu lilipotea, na nilimjua mwizi. Alikuwa Kiprop wa kule mtoni, kwa sababu ndiye aliyelisifu mara ya mwisho. Nikaacha kumsalimu. Nilitunza kutomsalimu huko kwa miaka kumi na sita bila kukosa hata siku moja, kazi ambayo si rahisi ukizingatia kwamba tunatumia njia moja. Mwezi uliopita shemeji yangu mwenyewe akaja na jembe lile begani, analia, anasema lilikuwa kwake tangu mwanzo. Sasa nina majembe mawili na aibu moja, na Kiprop ananisalimu kila asubuhi kwa uchangamfu ambao mimi nauona kama wa kunisuta. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Kapseret tulikuwa tumefunika makombe yote, mwanaharamu anapita kila siku, na tulikuwa tunaishi vizuri.

4. Kimeingia nyumbani kwangu. Naandika hili kwa sababu najua kuna watu watakaokwambia kwamba Mzee Kipyego ana sababu yake. Ninayo, na nitaitaja mwenyewe ili wasiitaje vibaya. Ni ua.

Shamba langu limepakana na la Mama Tryphosa Chepkorir, mjane wa rafiki yangu tuliyesoma naye. Mwaka 2012, miezi minne baada ya kumzika mumewe, nguzo za ua zilikuwa zimeoza nikaweka mpya. Kwenye mpaka palikuwa na kisiki cha mkaratusi, na ili kukikwepa nikausogeza mstari hatua tatu upande wake. Ilikuwa ni ya muda. Kisiki kilioza chenyewe 2014. Nguzo zikabaki kwa sababu zilikuwa bado nzuri, na mtu hang'oi nguzo nzuri. Ukanda huo una hatua tatu kwa themanini. Nimeupanda nyasi ya nepia, na ng'ombe wangu anaupenda kuliko mahali pengine popote.

Mama Tryphosa hajawahi kusema neno. Kila Krismasi hutuletea mursik, maziwa yetu ya mgando, kibuyu kizima, imetiwa mkaa na kukaa siku zake sawasawa, nami nimeonja nyingi maishani sijaona kama hiyo. Huipeleka kwa mke wangu Naomi akipita kando ya ua ule bila kuutazama. Mtu anayeweza kupita kando ya ua kwa miaka kumi na tatu bila kuutazama ana nguvu nyingi sana.

Sasa Naomi naye amejifunza ule wimbo wa polepole wa Wesonga, na anauimba akikata nepia. Jikoni haimbi. Kwenye kukamua haimbi. Ni hapo kwenye nepia tu. Nilimwomba auimbe mahali pengine akaniambia, "Baba Faith, kwani wimbo iko na mpaka?" Naona haya, Baba Askofu. Neno hilo nimeliandika nikalifuta mara mbili, na sasa naliacha lilivyo.

5. Magoti yangu yameanza kunikaidi. Hili limetokea Jumapili tatu zilizopita, mfululizo, nami nimeliandika tarehe kwa tarehe kama nilivyokuwa nikiandika maziwa.

Tarehe 25 Mei, Mchungaji alipotoa mwito, Wesonga akaanza ule wimbo. Kisanduku kilikuwa kinawaka, nilikiona kwa macho yangu. Mama Tryphosa alikuwa kwenye kwaya, anaimba sauti ya pili amefumba macho. Nikasikia magoti yananyooka. Nilishika benchi kwa mikono miwili lakini mwili ulikuwa umeshaamua. Nilipojikuta katikati ya kanisa, watu wote wakinitazama, nilienda nikafunga dirisha.

Tarehe mosi Juni nilikuwa nimejiandaa. Niliketi mwisho kabisa na nikajaza mawazo yangu dawa ya kupe. Wimbo ulipofika ubeti wa pili nilikuwa nimesimama tena. Siku hiyo nilifunga madirisha mawili.

Tarehe nane Juni nikafika na kukuta mtu mwema ameshayafunga madirisha yote. Sikujua ni nani. Wesonga akapiga, kile kioo kikinitazama kutoka upande wa kwaya kama jicho la paka, nami nikainuka nikatembea hadi katikati na hapakuwa na kitu cha kufunga. Nilienda mpaka mlangoni, nikachungulia nje, nikarudi nikalitangazia kanisa kwamba mvua bado haijafika. Jua lilikuwa linawaka. Watu wakasema amina.

Hiyo ndiyo hali niliyo nayo. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na Naomi anasema nikipata usingizi nahesabu hatua.

6. Kitaenea. Hapa sisemi kwa ajili yangu, nasema kwa ajili ya kaunti. Kama kisanduku kimoja, kwa gitaa moja bovu, kimeweza kulegeza lokesheni nzima, fikiria kikifika Kiplombe. Fikiria kikiwa na kila mpiga gitaa wa Eldoret. Wafugaji walioniletea maziwa yenye maji kwa miaka ishirini na sita wataanza kufika kwangu mmoja mmoja, nami nitalazimika kukiri kwamba nilijua, na kwamba wengine niliwapokea kwa sababu walikuwa watu wa ukoo. Mtu aliyeshinda mbio za shule mwaka 1988 kwa kukata kona atataka zikimbiwe upya, na wenzake wote sasa wana presha. Waliooa kwa kudanganya idadi ya ng'ombe watarudi kwa wakwe. Kila ua kutoka hapa hadi Cheptiret utarudi hatua tatu, mwenye huu akimsukuma yule, na wa mwisho kabisa ataangukia barabara kuu ya Nakuru. Wapima ardhi hawatatosha. Serikali italaumiwa, na chanzo ni kanisa letu.

Kwa sababu hizo, naomba Baraza la Kanda liamue mojawapo ya yafuatayo:

(a) Kisanduku kifungiwe stoo, ufunguo nibaki nao mimi, kama ilivyo desturi.

(b) Ikishindikana, Wesonga aruhusiwe kukitumia kwenye harusi na sifa za furaha peke yake, na mwito wa toba upigwe kwa gitaa lililochoka kama zamani.

(c) Ikishindikana na hilo, benchi la wazee lihamishiwe nje, kwenye kivuli cha ule msonobari, ambako tutafuatilia ibada kwa macho peke yake.

(d) Na kama Baraza litaona kisanduku ni cha Mungu, basi litoe mwongozo kwamba toba katika Kanda hii itahusu tu vitu vinavyoweza kubebwa na mtu mmoja kwa mikono yake. Sufuria, sawa. Jembe, sawa. Wilbaro, hata kama haina gurudumu. Ardhi haibebeki, na jambo lisilobebeka halina namna ya kuletwa mbele ya madhabahu.

Nakushukuru kwa kunivumilia. Msalimie Mama Askofu, wasalimie wazee wote wa Baraza, dereva wako, karani wa mapokezi, na yule bawabu wa langoni aliyeniazima mwavuli mwaka jana. Mwambie uko salama kwangu. Naomi anakusalimu sana, ingawa hajaniomba nikusalimu.

Ni mimi wako katika utumishi na utulivu,

Gerishon K. Kipyego
Mzee wa Kanisa na Mtunza Ufunguo wa Stoo

Nakala: Mchungaji Amos, Faili.

TANBIHI. Ijumaa, 13 Juni, saa nane mchana.

Baba Askofu, barua hii ingekuwa imeshachanwa. Lakini Linah aliigonga muhuri Jumatano na kuiingiza kwenye kitabu cha barua, na barua iliyogongwa muhuri haichanwi. Sheria hiyo niliipitisha mimi mwenyewe 2016, nikiwa nimemkasirikia mtu. Kwa hivyo naongeza hapa chini.

Jana alasiri nilienda kanisani na ufunguo wangu ili nikitunze kisanduku wakati ninyi mkiendelea kutafakari. Nilimkuta Wesonga ameinama anachoma waya kwa solda. Kioo kilikuwa kinawaka. Nikajizungushia leso mkononi nisiungue, nikakishika, na kilikuwa baridi kama chupa ya jana.

Nikamwambia kisanduku chake kimepoa. Akasema, "Aki Mzee, hiyo tube ilikufa. Ile Saturday ya practice, twenty-four May. Nangoja ingine itoke Nairobi."

Nikamwonyesha taa. Akasema, "Hako ni ka-bulb kadogo wameweka hapo chini, ni ka urembo tu. Gitaa nimekuwa nikipitisha kando, direct kwa amplifaya. Nilibadilisha tu plagi ya huu waya, basi."

Nikamuuliza kuhusu tarehe 25. Ilipita kando. Tarehe mosi. Kando. Sikutaka kuuliza ya nane lakini alinijibu kabla. "Hata hiyo ya mvua, Mzee." Halafu akarudi kwenye waya wake bila kuniangalia usoni, na kwa hilo nitamheshimu maisha yangu yote. Nikiwa natoka ndipo akasema pia kwamba madirisha ni yeye aliyeyafunga.

Niliketi kwenye benchi la kwaya muda mrefu. Karani mzima, miaka ishirini na sita, nimenyweshwa maji Jumapili tatu nikaapa ni krimu. Nilitafuta kitu kingine cha kulaumu nikakosa. Kama kisanduku kilikuwa kimekufa, basi aliyekuwa akisimama ni mimi.

Leo nilipomaliza kukamua nilianza kung'oa nguzo. Naomi alileta koleo ya kukatia seng'enge na kurudi jikoni. Nilikuwa kwenye nguzo ya tisa Mama Tryphosa alipotoka na kikombe chake cha chai. Nilikuwa nimepanga maneno, hata maandiko mawili. Yote yakapotea. Nilisimama kwenye nepia nikamwambia, "Mama, nilisogeza hii ua." Ni hayo tu niliyoweza.

Akasema, "Nilijua, Mzee. Hiyo siku ulimaliza nilitoka nikahesabu na miguu yangu. Nikasema wacha, yeye ni rafiki ya baba watoto, atasikia mwenyewe." Kisha akaweka kikombe chini akashika ncha ya pili ya waya, tukaukunja pamoja. Nilipomwambia nepia ni yake sasa akasema, "Kata hii ya mwisho upelekee ng'ombe. Hiyo haijakosea mtu." Nililia, Baba Askofu, mchana kweupe, na kwa Kiprop wa mtoni pia nitaenda.

Kwa hivyo naondoa ombi (a), (b), (c) na (d). Lakini kwa kuwa barua ina muhuri na lazima isomwe, naomba isomwe yote tarehe 22, mbele ya kanisa, pamoja na tanbihi hii, na wewe usiisome haraka. Mama Tryphosa awe amekaa mahali anasikia. Ukimaliza nitasimama na kusema yaliyobaki kwa mdomo wangu.

Wesonga amenipigia simu sasa hivi kwamba valvu mpya imefika. Tafadhali umwambie asiiwashe mpaka nimalize kusema. Sitaki watu waseme ni kisanduku.